Meza ya Wajane na Watumishi wa Ustawi wa Jamii

Somo: Matendo ya Mitume 6:1-7



Mwezi huu twataka kufikiri pamoja nanyi juu ya watu ambao sharika zetu huwasahau katika maombi, nao ni watumishi wa ustawi wa jamii. Waganga na wauguzi twawaombea. Walimu wa shule twawaombea. Hata wasafiri twawaombea. Lakini yule afisa aketiye katika chumba kidogo cha halmashauri, na mbele yake mume na mke wasiotazamana, ni nani amtajaye mbele za Mungu siku ya Jumapili? Seremala huamka akaenda kwenye mbao zake, na mkulima akaenda shambani. Mtu huyu huamka akaenda kwenye magomvi ya watu. Basi afanyeje hata asigeuke kuwa mgomvi yeye mwenyewe, wala asiukimbie ugomvi aliokabidhiwa?

Hatuandiki kwa ajili ya maafisa peke yao. Ninyi wainjilisti mwajua ya kuwa katika vijiji vyetu vya Katavi shauri la nyumbani hufika mlangoni kwenu kabla halijafika Mpanda mjini. Ndiyo sababu neno hili ni lenu pia.

Tulitazame somo letu. Kanisa la Yerusalemu lilikuwa changa, na watu wake walizidi kuongezeka. Kila siku wajane waligawiwa chakula. Wajane wale walikuwa wa namna mbili: wengine wenyeji wa nchi, wasemao lugha yake, wengine Wayahudi waliotoka nchi za mbali, wasemao Kiyunani. Hawa wa pili wakaona ya kuwa katika ugawaji wajane wao hupitwa, wakaanza kunung'unika. Angalieni vema: ugomvi wa kwanza kati ya kundi na kundi ambao Luka ametuandikia habari zake katika Kanisa ulitokea juu ya chakula cha maskini. Ulitokea mahali penyewe pa huduma, kati ya watu waliokuja kuhudumiwa na watu waliokuja kuhudumu. Kwa hiyo mtumishi wa jamii akiona ugomvi mezani pake, asidhani ya kuwa kazi yake imeharibika. Penye mahitaji mengi na vitu vichache, manung'uniko hayakosi.

Sasa, Mitume walifanya nini? Twaona mambo matano, nasi tutayataja moja baada ya jingine.

Neno la kwanza: Mitume hawakuyazima manung'uniko.

Ingalikuwa rahisi kusema, "Hawa ni wageni, tena hawana shukrani, wanakula bure na bado wananung'unika." Maneno ya namna hii twayasikia mara nyingi kwa watu wenye kugawa. Mitume hawakusema hivyo, wala hawakuuliza kwanza nani ameanza maneno. Walikusanya jamii yote ya wanafunzi, wakalileta jambo hadharani. Manung'uniko ni kama moshi juu ya nyumba ya nyasi: mtu mwenye akili haupigi moshi kwa fimbo, hutafuta moto uliko.

Katika mkoa wetu tunao mfano ulio karibu. Mwaka 1972 mauaji makubwa yalitokea Burundi, na watu wengi wakavuka mpaka wakaja kwetu. Serikali ya Tanzania, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, na Tanganyika Christian Refugee Service, shirika la Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lililoanza kazi katika nchi hii mwaka 1964, walishirikiana kuwapa mahali pa kukaa. Makazi ya Katumba yakafunguliwa mwaka 1973, na ya Mishamo mwaka 1978. Pori likafyekwa, visima vikachimbwa, shule na zahanati zikajengwa, na watu wakalima hata wakawa na chakula chao wenyewe. Sisi Walutheri tuna sehemu katika habari hii, na yatupasa kuikumbuka.

Hata ikafika mwaka 2007, serikali ikakusudia kuyamaliza makazi yale ya zamani. Aliyetaka kurudi Burundi alisaidiwa kurudi. Aliyetaka kubaki aliruhusiwa kuomba uraia. Watu kama 162,000 wakakubaliwa kuwa raia. Lakini walikuwa wameambiwa pia kwamba watahamishwa, watawanywe katika mikoa mingine, na hati zao za uraia zikakawia. Ikawa miaka ya mashaka. Mtu alikuwa ameacha uraia wa kwanza, na hati ya uraia wa pili hajaishika mkononi. Tena aliambiwa aliache shamba alilolifyeka mwenyewe na makaburi ya wazazi wake. Mwezi wa Oktoba 2014 hati zikaanza kutolewa, na shauri la kuwahamisha likaachwa.

Mfikirieni mtumishi wa jamii awaye yote aliyefanya kazi kati ya watu wa namna ile katika miaka ile. Amri hakuitoa yeye, wala hakuwa na uwezo wa kuibadili. Lakini uso ulioonekana na watu ulikuwa wake. Mtu wa namna hii hujaribiwa kwa majaribu mawili. La kwanza ni kujificha nyuma ya amri na kusema, "Mimi nimetumwa tu." La pili ni kujipendekeza kwa watu na kusema, "Hawa wakubwa ni wabaya, mimi ni wenu." Njia ya Mitume si ya kwanza wala ya pili. Kazi ya mtumishi ni kuyasikiliza manung'uniko, kuyatenga yaliyo kweli na yaliyo uvumi, kuyaandika vizuri, na kuyafikisha kwa mwenye uwezo wa kuamua. Kisha kurudi kwa watu na kuwaambia wazi amejibiwa nini, hata kama jibu ni chungu. Mtumishi anayerudi na jibu chungu huaminiwa kuliko yule asiyerudi kabisa.

Neno la pili: kazi ilikabidhiwa watu wenye kuaminiwa na pande zote.

Mitume walitaka watu saba wenye sifa njema, wenye Roho na hekima. Wakachaguliwa Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timona, Parmena na Nikolao. Majina haya yote ni ya Kiyunani, na huyu wa mwisho hakuzaliwa hata Myahudi, alikuwa mwongofu kutoka Antiokia. Kwa hiyo wafasiri wengi hudhani ya kuwa wale saba, au walio wengi kati yao, walitoka upande wa walionung'unika. Tazameni hekima hiyo! Walioona wamepitwa walikabidhiwa mikononi mwao ugawaji wa watu wote, wa wajane wao na wa wajane wa wenzao.

Watumishi wetu wajifunze hapa. Pakiwa na ugomvi wa kugawa kitu, iwe mahindi ya wakati wa njaa au orodha ya kaya maskini, mlalamikaji apewe nafasi ya kuona kitabu, ahesabu mwenyewe, aketi katika kamati. Wengi watanyamaza watakapoona hesabu ni ya haki. Na ikiwa hesabu si ya haki, walalamikaji ndio watakaotuonyesha kosa lilipo.

Tena mtumishi aaminiwe na pande zote mbili katika kusikiliza. Sheria ya Ndoa ya 1971 yataka ugomvi wa mume na mke upelekwe kwanza mbele ya baraza la usuluhishi kabla mtu hajaomba talaka mahakamani, isipokuwa katika mambo machache yaliyotajwa humo. Sheria hii ina hekima, maana ndoa nyingi hupona zikipata mtu wa tatu mwenye subira. Lakini namna ya kusikiliza yataka akili. Msuluhishi amsikilize kila mmoja peke yake kwanza, ndipo awaweke pamoja. Asikubali chakula nyumbani kwa mmoja shauri lingali linaendelea. Asicheke na mmoja kwa lugha ya kwao na huku mwenzake haielewi. Katika mkoa wetu, wenye Wabende, Wapimbwe, Wakonongo, Wasukuma, Waha, Wafipa na watu waliotoka Burundi, jambo hili dogo limewavunja watu moyo mara nyingi. Mwisho ayarudie maneno ya kila mmoja mbele yake, akiuliza, "Je, nimekusikia vema?" Mtu aliyesikiwa vema hupunguza sauti yake mwenyewe.

Walakini twatoa onyo. Ikiwa mmoja anampiga mwenzake, kuwakalisha pamoja na kumwuliza mwanamke mbele ya mumewe kama ana la kusema, huko si kusikiliza. Atasema, "Hakuna neno, baba," kisha atarudi nyumbani kwa hofu. Hapo kazi ya kwanza ni usalama wake. Maneno ya kupatana yatafuata, kama yatafuata.

Neno la tatu: upo ugomvi usio na katikati ya kusimama.

Hapa twataka mtusikilize kwa makini, maana jambo hili latuuma. Uchunguzi wa taifa wa afya na uzazi uliofanywa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba katika Mkoa wa Katavi wasichana 45 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa na mimba ya kwanza. Katika nchi yote hesabu ilikuwa 27 katika kila 100, na hapakuwa na mkoa uliotuzidi. Ni kweli si wote walikuwa watoto kwa sheria, maana wa miaka 18 na 19 wamo katika hesabu. Lakini hesabu hiyo ina binti wengi waliotakiwa kuwa darasani na katika mafundisho ya kipaimara.

Nanyi mwajua jinsi mashauri haya yanavyokwenda. Msichana aonekana ana mimba. Wazee wa nyumba mbili wakutana usiku. Ng'ombe watajwa, au fedha. Msichana haulizwi neno. Asubuhi husemwa, "Mambo yamekwisha, tumepatana." Na kama afisa ustawi wa jamii amepata habari, humwendea mzee mwenye heshima, pengine mzee wa usharika wake mwenyewe, akamwambia, "Mwanangu, sisi ni watu wa nyumba moja. Kwa nini utupeleke kwa polisi? Wewe ni mpatanishi, basi patanisha."

Je, huu ni upatanisho? Nabii Yeremia aliwakemea makuhani na manabii wa siku zake walioliponya jeraha la watu juu juu, wakitangaza amani mahali ambapo amani haipo (Yeremia 6:14). Kidonda kilichofunikwa na usaha ndani hakijapona. Katika shauri la mtoto aliyekosewa, pande zilizokutana usiku hazikuwa pande mbili za ugomvi. Zilikuwa watu wazima wa upande mmoja, na mtoto alikuwa upande wa pili, peke yake. Mwenye kusimama katikati hapo amekwisha kumwacha mtoto.

Sheria ya nchi nayo yasema waziwazi. Sheria ya Mtoto ya 2009 yamhesabu kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka 18, nayo yampa kila mtu wa jamii wajibu wa kutoa habari kwa serikali ya mtaa wake akijua haki za mtoto zinavunjwa. Afisa ustawi wa jamii ana uwezo wa kumwita mhusika, kusema naye, na kuamua kwa kutazama faida ya mtoto. Na mtu akikataa, shauri huenda mahakamani. Sheria ya Elimu, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, yampa kifungo cha miaka 30 mwanamume ampaye mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au ya sekondari. Kwa kuwa adhabu ni nzito, hamu ya kuficha nayo ni kubwa, na uzito wa kukataa kuficha humwangukia mtumishi. Tena tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu msichana aliyezaa arudi katika shule aliyoiacha. Kwa hiyo asiwepo mzazi wa kusema, "Masomo yake yamekwisha, basi aolewe."

Basi mtumishi amjibuje mzee yule? Asimtukane, wala asimwogope. Aseme kwa adabu, "Baba, nakuheshimu, na kwa kuwa nakuheshimu sitakuficha. Shauri hili si langu kulimaliza, wala si lako. Ni la mtoto. Nitafanya kama nilivyoagizwa, na milango yangu i wazi kwako wakati wowote kuuliza nilichofanya." Maneno haya ni machache, lakini kuyasema kwa mtu ambaye kesho mtakaa naye benchi moja kanisani si kazi nyepesi. Aliyeyasema aweza kukosa salamu njiani miezi mingi. Mkewe aweza kutengwa kisimani. Stefano, wa kwanza katika wale saba, alianza na meza ya wajane akaishia kwa kupigwa mawe. Mungu hakumwahidi mtumishi wake kwamba atapendwa na watu wote.

Neno la nne: magomvi ya watumishi wenyewe.

Si kila ugomvi watoka nje. Afisa ustawi wa jamii hufanya kazi na polisi, na muuguzi, na mwalimu, na mtendaji wa kijiji, na watu wa mashirika. Kila mmoja ana mkubwa wake na desturi yake. Mmoja husema shauri limekawia kwa polisi, mwingine husema limeharibiwa na ustawi wa jamii. Kisha maneno huenda mjini, na mwenye shauri husahauliwa.

Bwana wetu ametupa njia katika Mathayo 18:15-17. Mtu aliyekukosea mwendee wewe na yeye, faraghani. Asipokusikia, chukua mmoja au wawili. Asiposikia hao, ndipo jambo liletwe mbele ya kusanyiko. Sisi twapenda kuigeuza njia hii: twaanza na kusanyiko, kisha mmoja au wawili, na mwenyewe twamwendea mwisho au hatumwendei kabisa. Katika kazi za ofisi njia hii yafaa pia. Sema kwanza na mwenzako. Likishindikana, mpelekee mkubwa wenu ninyi wawili mkiwapo. Andika yaliyotendeka kwa tarehe zake, bila matusi na bila kupamba. Daftari lenye ukweli humlinda mtumishi kuliko rafiki wengi. Na katika ufafanuzi wa amri ya nane, katika Katekisimo Ndogo ya 1529, Luther alitufundisha kumtetea jirani yetu na kulitafsiri kwa wema jambo alilolifanya. Pengine polisi amekawia kwa kuwa hana gari la kufika Mishamo wakati wa masika. Uliza kabla hujahukumu.

Lakini kuna siku ambayo hata watu wema hawapatani. Paulo na Barnaba walishindana vikali kwa ajili ya Marko, hata wakaachana njia (Matendo 15:36-40). Luka hakuficha habari hii. Hata hivyo hakuna aliyeacha kazi. Mmoja alikwenda Kipro, mwingine Shamu na Kilikia. Na baada ya miaka Paulo aliagiza Marko aletwe, kwa kuwa alimfaa kwa utumishi (2 Timotheo 4:11). Basi ikiwa hamwezi kufanya kazi katika chumba kimoja, gaweni vijiji, lakini msigawe mioyo. Na mlango wa kurudiana usifungwe kwa kufuli.

Neno la tano: mtumishi asibebe peke yake.

Mitume walikiri ya kuwa hawawezi kushika kila kitu. Walijua sehemu yao, wakawapa wengine sehemu nyingine, wakawaombea na kuwawekea mikono. Zamani zaidi, Yethro alimwona mkwewe Musa akiketi tangu asubuhi hata jioni akiamua mashauri ya watu, akamwambia kwamba atachoka yeye na watu pia, agawe kazi (Kutoka 18). Hayo yalisemwa na mkwe, mtu wa nje; mara nyingi aliye nje huona uchovu wetu kabla yetu.

Mkoa wetu una halmashauri tano: Manispaa ya Mpanda, na wilaya za Nsimbo, Tanganyika, Mlele na Mpimbwe. Nchi ni pana na vijiji viko mbali. Mtu asikilizaye maumivu ya watu kila siku, na hana pa kuyaweka, huanza kuwa mgumu. Kwanza hukasirika upesi. Kisha hujibu bila kutazama uso. Mwisho huona kila mlalamikaji ni mwongo. Huo ni moyo uliojaa, nao wahitaji kumwagiwa mahali. Kila mtumishi na awe na mtu mmoja mwenye umri na siri, ndani ya kazi yake, wa kumweleza mashauri yaliyomshinda. Awe na siku ya kupumzika. Awe na saa ya kuomba, na katika saa hiyo amtaje kwa jina hata yule aliyemtukana.

Wala tusidhani ya kuwa kupatanisha ni kazi ndogo isiyowastahili wakubwa wa Kanisa. Mwezi wa Januari 1546 Martin Luther, mwenye miaka 62 na mwili dhaifu, aliondoka Wittenberg katika baridi kali akaenda Eisleben, mji aliozaliwa. Wakuu wa Mansfeld, watu wa ukoo mmoja, walikuwa wakigombana juu ya mali na haki zao, naye aliombwa awapatanishe. Huko Halle mto Saale ulikuwa umefurika, akazuiwa siku kadhaa. Mashauri yale yakachukua majuma. Mapatano yakatiwa sahihi katikati ya Februari, na tarehe 18 Februari 1546 Luther akafa katika mji ule ule. Mtu aliyesimama mbele ya mfalme mkuu huko Worms aliimaliza safari yake ya duniani akisuluhisha ugomvi wa ndugu. Basi, afisa uliye Mpanda, ukiona umepoteza siku tatu kwa ajili ya ndugu wawili wanaogombania shamba la marehemu baba yao, usiseme siku zako zimepotea.

Sasa twawageukia ninyi, washarika. Yawapasa kufanya nini? Twataja matatu.

Kwanza, waombeeni watumishi hawa kwa kazi yao, kama mnavyowaombea waganga na walimu. Kama mmoja wao ni mshiriki wenu, mchungaji au mwinjilisti na amwulize, si habari za siri za mashauri, ila habari za moyo wake.

Pili, msiwatumie ujamaa na ushirika kuwapindisha. Mtumishi akilikataa ombi lako la kuficha, usimwondolee salamu. Wewe mzee wa kanisa, uwe wa kwanza kumpa mkono Jumapili ile, mbele ya watu wote, ili wote wajue ya kuwa usharika unasimama na mtoto.

Tatu, wainjilisti, jueni mpaka wenu. Ugomvi wa mipaka ya bustani, wa maneno ya jirani, wa mume na mke waliokoseana kwa ulimi, msikilizeni, mwapatanishe, ni kazi yenu. Lakini mtoto aliyeharibiwa, mke aliyejeruhiwa, mzee anayetishwa kwa kuitwa mchawi, haya msiyamalize barazani kwenu. Siku hiyo hiyo wapelekeeni habari wenye kazi, kisha mkae karibu na aliyeumizwa, maana serikali ina mikono, na ninyi mna miguu ya kumfikia jioni.

Luka amaliza habari ya wajane kwa neno la furaha: kazi ilipowekwa katika mikono ya waaminifu, neno la Mungu likaenea, na hesabu ya wanafunzi ikazidi sana. Ugomvi ule, ulipotazamwa usoni, haukulivunja Kanisa. Vivyo hivyo kwetu: watu wa Katumba na Mishamo, wa Mpimbwe na Mpanda mjini, watatutazama jinsi tunavyowatendea walionung'unika, nao watajua kama Injili tunayoihubiri ni ya kweli.

Bwana Yesu, wewe uliyesimama kati ya Mungu na wanadamu, ukafanya amani bila kuificha dhambi, wape watumishi wako wa ustawi wa jamii masikio ya kusikia, kinywa cha kweli, na moyo usiogeuka jiwe. Walinde watoto wetu. Wapatanishe waliotengana. Na sisi utupe ujasiri wa kusimama upande wa mdogo. Amina.